Maji ya Josho Huenda Wapi

Wengi wetu huku Endebess tulijua bwawa la kuogelea la ng'ombe kabla ya kuona la watu. Sifanyi mzaha. Ondoa mavi na harufu ya dawa, uliangalie josho kwa umbo lake tu: shimo refu la simiti, ukingo wa kurukia upande huu, ngazi za kutokea upande ule, na maji ya kina cha kutosha kumzamisha fahali hadi pembe kabla hajaibuka akipiga miguu. Hilo ni bwawa. Hata lugha inakubali, maanake hatusemi ng'ombe amepakwa dawa, tunasema ameogeshwa. Katika mazungumzo ya kila siku tunaliita dipu, na siku ya dipu inajulikana hata na mtoto ambaye bado hajui siku za wiki.

Josho na bwawa la watu vina ugonjwa mmoja pia. Vyote huvuja. Bwawa la hoteli likivuja, mwenyewe ataona kwenye bili ya maji na kwenye vigae vinavyobanduka. Josho likivuja, huenda dalili ya kwanza ikawa ng'ombe aliyevimba tezi, kilomita mbili kutoka hapo, wiki kadhaa baadaye, na hakuna atakayeunganisha mambo hayo mawili.

Nimesoma nilichopata kuhusu majosho, na karibu kila mahali historia yake huandikwa kama historia ya sheria na ya madawa. Mimi naona ingeandikwa kama historia ya nyufa. Nani aliamriwa kuzitafuta, nani alilipia simiti, na yale maji yaliyopotea yaliishia kwa nani. Nilipoacha chuo kikuu niliacha pia maktaba yake, kwa hiyo sehemu ya ushahidi wangu si karatasi. Ni ukuta wa josho moja lililo karibu na kwetu, kwenye shamba ambalo zamani lilikuwa la mzungu na sasa limegawanywa ekari mbilimbili na tatutatu.

Lakini tuanze na kupe, maana bila yeye hakuna ambaye angemwogesha ng'ombe.

Kupe anayehusika ni wa rangi ya hudhurungi, na anapenda kujibanza ndani ya sikio. Hubeba kimelea kiitwacho Theileria parva, ambacho huleta ndigana. Ng'ombe wa gredi akishikwa, tezi iliyo chini ya sikio huvimba, homa hupanda, pumzi huwa fupi, na mwishowe povu hutoka puani. Asipotibiwa mapema, mara nyingi hamalizi mwezi. Ng'ombe wa kienyeji ni hadithi tofauti. Ndama wetu wengi walikuwa wanaumwa wakiwa wadogo, baadhi wanakufa, na wanaopona wanabaki na kinga. Wafugaji walichoma nyasi kuukuu, wakawatoa kupe kwa vidole, maisha yakaendelea.

Wazungu waliuita ugonjwa huu homa ya Pwani ya Mashariki, na pwani inayotajwa ni hii yetu. Sotoka ilipokuwa imefyeka ng'ombe wa kusini mwa Afrika kuanzia 1896, na Vita vya Makaburu vikaongezea hasara, walowezi wa Rhodesia waliagiza ng'ombe kutoka Afrika Mashariki mwanzoni mwa karne ya 20. Wale ng'ombe walionekana wazima kabisa. Walishuka na kupe wao, na ng'ombe wa kule, ambao hawakuwa na kinga, wakaanza kuanguka. Mwaka 1903 Robert Koch mwenyewe, yule aliyegundua bakteria wa kifua kikuu, alialikwa kwenda kuchunguza. Hata hivyo aliyethibitisha kwamba mbebaji ni kupe wa hudhurungi alikuwa mtaalamu wa wadudu wa Cape, Charles Lounsbury.

Ukishajua adui ni kupe, dawa ni kumwosha ng'ombe mzima kwa sumu. Wazo lenyewe lilikuwa tayari lipo. Huko Uingereza, William Cooper wa Berkhamsted alikuwa ameanza kuuza unga wake wa kuoshea kondoo tangu 1852, wenye aseniki na salfa, na jina la Cooper bado unalikuta kwenye rafu za maduka ya dawa za mifugo Kitale. Huko Marekani, Theobald Smith na Fred Kilborne walichapisha mwaka 1893 ushahidi kwamba homa ya ng'ombe wa Texas huletwa na kupe. Kisha mwaka 1902, mkulima wa Natal aitwaye Joseph Baynes akachimba josho la ng'ombe shambani mwake, la kwanza Afrika Kusini. Daktari wa mifugo wa Natal, Herbert Watkins-Pitchford, akafanya hesabu ya siku. Kupe huhitaji kunyonya kwa siku kadhaa kabla hajamwambukiza ng'ombe, kwa hiyo ukiogesha kila baada ya siku chache, unamuua kabla hajamaliza kazi yake.

Siku chache. Hapo ndipo mzigo wote ulipo. Si dawa ya kunywa mara moja ukasahau. Ni dimbwi la sumu ambalo lazima likae limejaa, kwa nguvu ileile, wiki baada ya wiki, mwaka baada ya mwaka.

Trans Nzoia ilipata dimbwi hilo pamoja na masetla. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, mpango wa 1919 wa kuwapa ardhi askari wazungu uliwaleta wengi huku chini ya Mlima Elgon. Wasabaot, ambao walikuwa wakichunga kwenye tambarare hizi, walisukumwa kuelekea mlimani na kuvuka kwenda Uganda, na madai yao yalifika mbele ya Tume ya Ardhi ya Carter mwaka 1932 bila kuwarudishia tambarare. Reli ilifika Kitale mwaka 1926. Mahindi yalikuja, na ng'ombe wa maziwa wa kutoka Ulaya pia, na ng'ombe hao walikuwa katika hali ileile ya ng'ombe wa Rhodesia: hawana kinga, na kupe wapo kila jani.

Basi kila shamba kubwa likajengewa josho, na josho likawa na siasa yake. Ng'ombe wa skwota, yaani wa kibarua aliyeruhusiwa kukaa shambani na mifugo yake, ndiye mwenye kinga, na kwa hiyo ndiye aliyeonekana kama mleta ugonjwa. Anabeba kupe, haumwi. Sheria ya Vibarua Wakaazi ya 1937 iliyapa mabaraza ya wilaya, yaliyokuwa mikononi mwa masetla, uwezo wa kupunguza mifugo ya maskwota, na Trans Nzoia ilikuwa miongoni mwa wilaya zilizoutumia uwezo huo kwa ukali. Kulikuwa na sababu nyingine, hasa kwamba mtu mwenye ng'ombe wengi hana haraka ya kufanya kazi ya kibarua. Lakini kupe alikuwa sababu nzuri ya kuandika kwenye karatasi.

Na nani aliyejaza lile josho? Nani aliingia ndani lilipopasuka? Siyo mwenye shamba. Kuna mzee mmoja jirani yetu ambaye utotoni, miaka ya 1950, alikuwa akichota maji mtoni kwa mkokoteni wa maksai kujazia josho hilohilo ninalozungumzia. Nilimwuliza walijuaje kwamba linavuja. Akanicheka kidogo.

"Kijana wangu, sisi ndio tulikuwa tunabeba maji. Mgongo unajua."

Ni jibu sahihi kuliko linavyosikika, na nitaeleza kwa nini.

Josho hupoteza maji kwa njia tatu za halali. Jua huyanywa, ndiyo sababu josho zuri lina paa la mabati, ambalo pia huzuia mvua isiizimue dawa. Ng'ombe nao huyachukua: kila mmoja akitoka, hata akisimama kwenye sakafu ya kuchuruzikia mpaka matone yarudi shimoni, bado ataondoka na kama lita mbili au tatu ndani ya manyoya. Na wengine hurusha maji nje wanapodumbukia. Hizo zote unaweza kuzikadiria. Chochote kinachozidi hapo ni ufa. Sasa chukua josho ambalo uso wa maji yake una urefu wa mita 10 na upana wa mita 1.2. Kila sentimita inayoshuka ni lita 120, yaani mitungi sita ya lita ishirini. Mtu anayebeba mitungi hiyo kutoka mtoni hahitaji fimbo ya kupimia ili ajue kwamba wiki hii amebeba zaidi ya wiki jana.

Tatizo ni kwamba maji yanaweza kurudishwa na dawa isirudishwe. Tuseme josho ni la lita 15,000 na linapoteza sentimita nne kwa siku chini kwa chini. Hizo ni lita 480. Kamati haina pesa ya dawa, kwa hiyo wanajaza maji matupu kila asubuhi ili ng'ombe wapate kuogelea. Baada ya wiki tatu, nguvu ya dawa imebaki karibu nusu, na hapo hatujahesabu ile iliyoshikwa na manyoya na tope. Josho limejaa, ng'ombe wanaruka, harufu ipo, kila mtu anaridhika. Kupe tu ndiye anayejua. Tena mbaya zaidi, anapewa dozi ndogo ya kutosha kumsumbua bila kumuua, na wanaopona ndio wanaozaa. Hivyo ndivyo aseniki ilivyoshindwa huko Afrika Kusini katika miaka ya 1930, kupe wa buluu walipoizoea. Sisemi nyufa ndizo zilizoleta usugu ule. Nasema kwamba dozi hafifu ina njia nyingi za kutokea, na ufa ni njia isiyoandikwa kwenye daftari la josho.

Sasa nirudi kwenye ukuta. Mwaka jana kamati ya josho letu iliamua kulitoa maji yote ili lirekebishwe, baada ya kulijaza Jumatatu na kukuta Alhamisi limepungua kiwango ambacho hakuna jua lingeweza kukinywa. Walimwita fundi kutoka Kitale. Kazi yake hasa ni mabwawa ya kuogelea ya watu, hoteli na shule za huku na Bungoma, na alipofika akaangalia lile shimo akasema kwake ni kitu kimoja, tofauti ni kwamba hapa wateja hawalalamiki. Nilikaa naye siku nne nikimpokeza vifaa na kumwuliza maswali mpaka akanipa cheo cha mwandishi wa fundi.

Kabla ya kuruhusu hata tone moja litolewe, alifanya kitu ambacho alisema hufanya kwenye kila bwawa. Alichukua ndoo, akaijaza maji ya josho, akaiweka kwenye ngazi ya kutokea, ikiwa imezama nusu, na jiwe ndani ili isielee. Akachora mstari ndani ya ndoo ulingane na maji yaliyomo, na mwingine ukutani ulingane na maji ya josho. Tukaondoka. Ndoo na josho viko chini ya paa moja na jua moja na upepo mmoja, kwa hiyo kitakachopungua kwa hewa kitapungua sawasawa kote kuwili. Kesho yake ndoo ilikuwa imeshuka upana wa mstari wa kalamu. Josho lilikuwa limeshuka vidole vitatu.

"Hiyo ndiyo kesi," akasema. "Sasa tutafute mshtakiwa."

Bwawa la hoteli lina washtakiwa wengi. Kuna mabomba, kuna pampu, kuna taa za ndani, kuna mdomo wa kuchujia takataka ambapo plastiki inakutana na simiti na hazipendani kamwe. Fundi hupima pampu ikiwa imewashwa, halafu imezimwa. Likivuja zaidi pampu ikiwaka, ufa uko kwenye bomba la kurudishia maji. Akishuku mahali fulani, hudondosha rangi kidogo karibu na ufa, maji yakiwa yametulia, aone kama rangi itavutwa ndani kama moshi unaoingia dirishani. Josho halina bomba, na maji yake ni tope la kijani ambalo halionyeshi rangi yoyote. Imebaki njia ya uvivu, ambayo alisema ndiyo bora: acha livuje. Maji hushuka mpaka yafike chini ya ufa, yakisimama hapo umejua kimo chake. Yetu yalisimama usiku wa tatu, karibu na mahali ambapo ukuta wa kurukia unakutana na ukuta wa upande wa kusini. Tukatoa yaliyobaki, tukasugua, na ukuta ukaanza kusoma.

Nasema kusoma kwa sababu ilikuwa hivyo. Kila mtu aliyewahi kuziba josho lile aliacha mwandiko wake, tabaka juu ya tabaka, na fundi aliyabandua kwa patasi mmoja baada ya mwingine.

La juu kabisa lilikuwa niru, ule uji wa simiti tupu unaopigwa kwa mwiko mpaka ung'ae. Kazi ya kamati, ya mchango. Ilitoka kama ganda la yai. "Hii ni vipodozi," fundi akasema, kwa sababu niru haina mshiko wowote juu ya ukuta wenye mafuta na tope, inapendeza siku ya kufungua tu.

Chini yake kulikuwa na plasta nene yenye waya wa kuku ndani. Hiyo ilikuwa imeshika vizuri, ila karibu na kona. Wazee wanakubaliana kwamba ni ya wakati wa serikali. Katika miaka ya 1970 serikali ya Kenya ilichukua uendeshaji wa majosho mengi, ikaweka wahudumu wa majosho wenye mshahara, ikaleta dawa, na Sheria ya Kuogesha Ng'ombe, Sura ya 358, ikawa na meno: katika eneo lililotangazwa, usipoleta ng'ombe unashtakiwa. Mhudumu alikuwa na fimbo yenye alama na daftari. Sampuli ya maji ilichukuliwa ikapelekwa kupimwa nguvu. Ufa ulikuwa na mtu wa kuripotiwa kwake. Nimesikia watu wa rika langu wakiuzungumzia wakati ule kana kwamba kila kitu kilikuwa sawa, na najua haikuwa hivyo. Lakini waya ule wa kuku ni ushahidi kwamba kuna aliyelipwa kufanya kazi ya pole pole.

Chini ya plasta tukakuta lami. Ilikuwa imepakwa kwa brashi kwenye kona na kwenye maungio, imekauka, imepasukapasuka, lakini ipo. Hapa nilifurahi peke yangu, maana lami ndiyo njia ya zamani kuliko zote tunazozijua. Bwawa kubwa la Mohenjo-daro, katika bonde la Indus, lililojengwa zaidi ya miaka 4,000 iliyopita, lina matofali yaliyobanwa sana na tabaka la lami nyuma yake kuzuia maji yasipenye. Urefu wake ni kama mita 12, karibu sawa na josho. Fundi hakushangaa. Alisema lami ni nzuri mahali ambapo ukuta unacheza, kwa sababu yenyewe inacheza nao. Ile ya kwetu huenda ni ya miaka baada ya uhuru, wakati mashamba makubwa yalipokuwa yakibadilisha mikono. Mengine yalikwenda kwa Shirika la Maendeleo ya Kilimo, lililoanzishwa 1965 na ambalo bado lina mashamba Endebess, mengine yakanunuliwa na makampuni ya wananchi kama letu.

Na chini ya lami, zege la mzungu, yaani la vibarua wa mzungu. Kokoto zake ni mawe ya mtoni, ya mviringo, ambayo fundi yeyote wa leo angeyakataa kwa kuwa simiti hushika vizuri zaidi jiwe lililovunjwa. Ufa wenyewe ulianzia hapo. Haukuwa wa juzi. Ulikuwa umepita katikati ya zege lote, na kila tabaka lililofuata lilikuwa limewekwa juu yake.

Fundi alieleza hivi. Kila siku ya dipu, mamia ya ng'ombe wanasimama kwenye ukingo mmoja, wanaruka kutoka mahali pamoja. Ukingo unasukumwa, ardhi iliyo chini imelowa, inalegea, ukuta wa kurukia unainama kidogo na kujitenga na ule wa upande. Ukiziba ufa bila kushughulikia ardhi, unafunga mlango wa nyumba inayoteremka. Miaka sabini au zaidi ya nyufa ilikuwa ufa mmoja.

Tabaka moja halikuwepo ukutani, na kutokuwepo kwake kunaonekana. Kati ya waya wa kuku na niru ya kamati, hakuna kitu. Miaka ya 1990, chini ya mipango ya kubana matumizi iliyosukumwa na Benki ya Dunia na Shirika la Fedha la Kimataifa, serikali iliacha kuendesha majosho ikayarudisha kwa jamii. Mhudumu wetu aliambiwa aende nyumbani. Funguo za stoo ya dawa zilikaa kwa mwenyekiti, ambaye hakuwa na dawa ya kufungia. Kukhu, mamake baba, alikuwa na ng'ombe wawili wa gredi wakati huo, na maziwa ndiyo yaliyokuwa yanalipa karo. Josho lilikuwa linavuja, kila mtu alijua, wakawa wanajaza maji matupu kama nilivyosema, halafu wakaacha hata hayo. Ng'ombe wa kwanza alikufa mwezi mmoja, wa pili mwezi uliofuata. Ukimwuliza sababu, hasemi ndigana. Anasema, "Dipu ilikufa." Baba aliacha shule kidato cha pili.

Chanjo ilikuwepo kwa namna fulani. Watafiti wa Muguga, karibu na Nairobi, walikuwa wameunda miaka ya 1970 njia ya kumwambukiza ng'ombe kimelea hai huku akipewa kiuavijasumu wakati huohuo, na inafanya kazi mpaka leo. Lakini inahitaji naitrojeni ya kimiminika na daktari na pesa, na hapakuwa na mtu aliyeileta kwa kukhu. Waliofika ni wauzaji wa pampu za mgongoni. Siku hizi nyumba nyingi huku hunyunyizia ng'ombe wao wenyewe, kila mtu na kipimo chake cha kifuniko cha chupa, na hiyo ndiyo sababu baadhi yetu tulitaka josho lirudi.

Hilo la maji kwenda wapi bado halijajibiwa.

Mzee wa mkokoteni alikumbuka kwamba dawa ya kwanza ilikuwa aseniki. Baadaye zikaja za klorini, DDT na nyinginezo, na kwa miaka mingi, hasa kuanzia 1950 hadi katikati ya 1970, majosho ya Kenya yalitegemea toksafini. Ndipo zikafuata dawa za fosfeti, kisha amitrazi tunayotumia sasa, ambayo huvunjika ndani ya muda mfupi ikiwa haikutunzwa. DDT na toksafini zote zimo katika orodha ya Mkataba wa Stockholm wa 2001, wa kemikali zinazodumu na zinazopaswa kukomeshwa au kudhibitiwa. Aseniki hata haimo kwenye swali la kudumu. Ni elementi. Haiozi, haivunjiki, haina tarehe ya mwisho. Ikishikana na udongo, inakaa hapo kama jiwe linavyokaa.

Nchi nyingine zimekwisha kulikabili jambo hili. New South Wales, Australia, wana orodha ya majosho zaidi ya 1,600 upande wa kaskazini wa jimbo hilo pekee, na mtu akitaka kujenga nyumba karibu na mojawapo, udongo unapimwa kwanza. Florida pia waliyachimba maelfu kupigana na kupe, na sasa wanayatafuta misituni na chini ya mitaa mipya. Ufa wetu unatazama kusini. Kusini kuna mteremko, kwenye mteremko kuna mahindi, na chini ya mahindi kuna kisima cha nyumba tatu.

Nililisema hili kwenye kikao cha kamati. Sikuwa na hakika watanipokeaje, kijana asiye na ng'ombe hata mmoja. Mwenyekiti alisikiliza hadi mwisho, akauliza kama nasema josho lifukiwe. Nikasema hapana, nasema kisima kipimwe, na udongo tutakaochimba nyuma ya ukuta usitupwe shambani. Mama mmoja mwenye nyumba karibu na kisima hakuuliza chochote kuhusu josho. Aliuliza kupima ni pesa ngapi, na nani atatoa. Tulibishana karibu saa nzima, kwa sababu pesa ya kupima ilikuwa pesa ya dawa ya miezi miwili, na mwishowe wakakubali sampuli moja ya maji ipelekwe, nyumba tatu zichange nusu na kamati nusu. Udongo haukupewa bajeti.

Ukarabati wenyewe ulichukua wiki. Vibarua walichimba nyuma ya ukuta wa kurukia hadi ardhi ngumu, wakamwaga msingi mpya wa kuushikilia usiiname tena. Ndani, fundi aliufungua ufa kwa patasi na nyundo ukawa mfereji wenye umbo la V, mpana nje na mwembamba ndani, akausafisha kwa brashi ya waya, akaulowesha, akaujaza simiti ya kugandia majini ambayo hukauka ukiwa bado unaisukuma na kidole gumba. Kisha waya, kisha plasta yenye dawa ya kuzuia maji, tabaka mbili, ya pili kabla ya kwanza kukauka kabisa. Alitufanya tuilowanishe asubuhi na jioni siku saba chini ya magunia. Kwenye kona, juu ya maungio, akapaka lami.

Nilimwuliza kama ameipaka kwa sababu ya zile hadithi zangu za Indus.

"Nimeipaka kwa sababu aliyekuwa hapa mbele yangu alijua kazi."

Tulijaza maji matupu na ndoo ikarudi kwenye ngazi yake. Siku ya kwanza ndoo na josho vilishuka sawa. Ya pili, sawa. Ya tatu mwenyekiti akaenda Kitale kununua amitrazi.

Maji ya kisima yalipelekwa siku ileile, kwenye chupa ya soda iliyosafishwa kwa maji ya moto. Udongo uliotoka nyuma ya ukuta uko bado kando ya josho, lundo la kimo cha kiuno, umefunikwa mabati matatu ya zamani yaliyokandamizwa kwa mawe ya mtoni. Nimeanza kuandika kwenye daftari mahali palipokuwa na majosho mengine huku kwetu, kwa kuwauliza wazee waliokuwa wakibeba maji. Moja sasa ni shamba la viazi. Moja liko nyuma ya choo cha kanisa. Lingine mwenye boma alilifukia mwaka juzi akajenga juu yake, na nilipomwonyesha mzee wa mkokoteni mlango wa nyumba, alisogea hatua nne kushoto, akapiga kisigino chini, akasema ng'ombe walikuwa wanarukia hapa.